Barua ya wazi kwenu mnaohesabu mahindi yetu

Kwa waheshimiwa mawaziri mnaoshika Fedha, Kilimo, Afya na TAMISEMI. Wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma. Wakurugenzi wa halmashauri. Na nyinyi wabunge na madiwani tuliowapigia kura.

Kamwene.

Huku kwetu ndivyo tunavyosalimiana, na mtu hafungui mdomo kulalamika kabla hajasalimia. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha mkoa wa Iringa. Cheo hiki hakina ofisi wala muhuri. Nina begi la mgongoni, daftari kubwa, na baiskeli ambayo mnyororo wake huchomoka kila mvua zikianza. Nilizaliwa 1974, wakati watu wanahamishiwa vijijini, kwa hiyo mimi na kijiji changu tunalingana umri.

Mwezi huu, ndani ya wiki moja, nimeona mambo mawili yaliyokataa kunitoka kichwani. Ndiyo sababu ya barua hii kuhusu watoto wetu wanaodumaa.

Jumanne nilimsindikiza jirani yangu kupeleka mahindi kwenye kituo cha ununuzi. Alikuwa na magunia kumi na manane. Kijana wa pale alichukua bambo, akalichoma gunia ubavuni, punje zikamiminika kiganjani. Akazitia kwenye kimashine cha kupima unyevu, akasubiri, akasoma: 14.2. "Mama, bado. Kinachotakiwa ni 13.5. Kaanike." Akachoma la pili, la tatu. Yaliyofuzu yalipanda mzani moja moja, kilo zikaandikwa, karani akazirudia kwa sauti ili jirani yangu asikie. Hakuna gunia lililopita kwa kukisia. Nilifurahi, sitaficha. Miaka ile ya lumbesa, magunia ya kujazwa kupita kiasi, tulikuwa tunapimiwa kwa macho na maneno matamu.

Alhamisi ilikuwa kliniki. Mzani tunauning'iniza kwenye boriti ya baraza la zahanati, mtoto anavishwa kaptula ya kitambaa, anapandishwa, analia, akina mama wanacheka. Alikuja mama mmoja na binti yake aliyetimiza miaka miwili wiki hiyohiyo. Kilo 9.8. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, nukta ikaangukia kwenye kijani, akaandika tarehe ya kurudi. Zamani mama angeondoka hapo na furaha yake. Ila sasa ninao ubao wa kupimia urefu. Nitasema baadaye nimeupataje. Tukamsimamisha mtoto, mama akamshika visigino, mimi nikateremsha kibao mpaka utosini. Sentimita 77. Msichana wa miaka miwili aliyekua vizuri anakaribia 86.

Mama aliona nimenyamaza. "Dada, sisi kwetu wafupi," akasema. "Baba yake si unamjua?"

Baba yake namjua, na babu yake namjua. Ndipo ugumu ulipo. Ukipita kijijini kwetu humwoni mtoto aliyedumaa, kwa sababu anacheza na wenzake walio sawa naye. Hana tumbo la kuvimba, nywele zake hazijabadilika rangi, anakimbia na anacheka. Utapiamlo wa kwenye picha za mashirika kila mtu anautambua. Huu wetu unahitaji futi, na futi tulikuwa hatuna.

Yaani mahindi ya mkoa wangu yanajulikana unyevu wake mpaka nukta moja baada ya kituo, na jioni hiyohiyo tarakimu zinapanda wilayani, mkoani, Dodoma. Mtoto wa mkoa huohuo hajulikani urefu wake mpaka waje watu wa utafiti baada ya miaka kadhaa, wapime nyumba chache, waondoke.

Na walipopima 2022 walikuta nini? Nyinyi mnazo hizo karatasi kuliko mimi, lakini barua ni ya wazi, wacha na wengine wasikie. Kitaifa, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Rukwa, 49.8. Njombe, 50.4. Iringa, 56.9. Zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wangu. Tena Iringa ilikuwa 41.6 mwaka 2015/16, ikawa 47.1 mwaka 2018, ikafika hapo. Nchi inashuka, sisi tunapanda. Mtaalamu mmoja aliwahi kunieleza kwamba sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo na tarakimu huyumba kidogo. Sawa. Punguzeni pointi tano, punguzeni hata kumi, halafu mniambie kama usingizi unakuja.

Sasa hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Watu wa Dar es Salaam wanakula sembe yetu, viazi vyetu, maharage yetu, na mwaka ule wa 2018 waliodumaa kwao walikuwa 20 hivi kati ya 100. Tena kwenye hesabu za pato la mtu kimkoa, Iringa na Njombe huwa juu, karibu na Dar na Kilimanjaro. Tuna chai, mbao, parachichi, pareto, viazi. Malori yanapita usiku kucha barabara ya Mbeya hayana nafasi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia tatizo letu ni ukame au uvivu.

Nalisema hili kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini tumeambiwa jambo moja kwa maneno mbalimbali: uchumi ukikua, mengine yatafuata. Na uchumi umekua kweli. Miaka mingi ulikuwa unapanda asilimia 6 au 7. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuhesabu kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, pato la mtu dola 1,080 wakati mstari uko 1,036. Siku ile tulisikia redioni tukiwa kwenye msiba, na mzee mmoja akauliza kama hizo dola zinakuja kwa mtendaji wa kijiji au kila mtu atafuata za kwake. Watu walicheka msibani.

Sitaki kuonekana sioni. Umeme umefika kijijini kwetu. Zahanati ina paa jipya. Watoto wanasoma bila ada tangu Januari 2016, na darasa moja likajaa mpaka wengine wakakaa sakafuni, lakini wanasoma. Akina mama wanaofariki kwa uzazi, utafiti wa 2015/16 uliwakadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Mimi niliyewasukuma wajawazito kwenye mkokoteni usiku najua maana ya hiyo tofauti, na kwa hilo nawashukuru mbele za watu.

Hata umaskini umepungua, ingawa unatambaa. Walioshindwa kupata mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, 28.2 mwaka 2011/12, na 26.4 mwaka 2017/18. Asilimia inashuka lakini watu tunazaana, hiyo 26.4 ni karibu watu milioni 14. Na mstari wenyewe uliopimiwa ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanyeni kwa siku thelathini: 1,644. Aliyekuwa na 1,700 kwa siku alihesabiwa kuwa ameshavuka.

Lakini yule binti wa sentimita 77, nyumba yao haimo kwenye hiyo 26. Wana bati. Baba ana pikipiki. Wamevuna. Kwenye kitabu chenu hao wameshatoka kwenye umaskini, mkawawekea alama ya vema. Mtoto wao hakusoma hicho kitabu.

Nitawaeleza siku ya mama yake, kwa sababu naona mnapokutana kwenye vikao vya lishe hamuiongelei. Msimu wa palizi anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anawasha moto, anapika uji wa sembe, anaumimina kwenye chupa ya chai. Saa kumi na mbili na nusu ameshaondoka. Shamba liko mwendo wa saa nzima na mgongoni ana jembe. Mtoto anabaki na kaka yake wa miaka saba, ambaye mwenyewe alitakiwa awe darasa la kwanza. Kaka anampa uji mara moja, wa pili anaunywa mwenyewe maana naye ni mtoto. Mama anarudi saa kumi, anachota maji, anatafuta kuni. Ugali unaiva saa mbili usiku. Mtoto ameshalala. Anaamshwa, anamezeshwa matonge matatu huku anasinzia, siku imekwisha.

Mtoto wa umri huo tumbo lake ni kama ngumi yake. Anatakiwa ale kidogokidogo, mara nne au tano kwa siku, na humo kuwe na yai, dagaa, maharage, kipande cha parachichi, kijiko cha mafuta. Wetu anakula mara mbili, na vyote viwili ni mahindi. Tena mahindi yaliyokobolewa. Kiini, kile chenye mafuta na protini, tunakiondoa mashineni kikawa pumba, pumba tunawapa nguruwe, na nguruwe wa kijijini kwetu, namshukuru Mungu, hawajadumaa. Dona tunamwachia mfungwa na mwanafunzi wa bweni. Hapo kosa ni letu, wala simsingizii waziri.

Nimeingia nyumba yenye kuku kumi na wawili na mtoto ambaye hajawahi kula yai. Yai ni shilingi mia tano stendi, na mia tano ni sabuni. Isitoshe kuna bibi anayesema mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Parachichi nazo wanunuzi wanachagua zilizonyooka, fedha analipwa mwenye shamba, na mwenye shamba kwa karatasi ni mume. Mahindi analima mke, anapalilia mke, anavuna mke. Siku ya kwenda kituoni anaibuka baba. Julai na Agosti zinakuwa miezi ya bia. Jirani yangu niliyemsindikiza ni mjane, ndiyo maana fedha alizishika mwenyewe.

Viongozi wengi wakija huku wanapenda kusema tatizo ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mwezi wa pili wakikuta mianzi inatiririka, wanapata hotuba. Ulanzi upo, na akina mama wanaobeba watoto mgongoni mpaka kilabuni wapo, nimegombana nao. Lakini ulanzi ulikuwepo kabla ya mkoloni, ni wa msimu, na Rukwa hakuna mianzi kama yetu na bado wamefika 49.8. Ukitafuta sababu ambayo haikugharimu kitu, utaipata kwenye kata ya mzee anayekunywa chini ya mwanzi.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui kwa sababu mlikuwa wadogo au mlikuwa mbali. Dunia ilikuja kujifunza lishe hapa hapa Iringa.

Mwaka 1983 ulianza mradi wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wetu, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa. Fedha zilitoka Italia kupitia UNICEF na WHO, lakini kazi ilifanywa na serikali za vijiji. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na naikumbuka Siku ya Afya ya Kijiji. Ilikuwa kila baada ya miezi mitatu. Mzani ulifungwa kwenye tawi la mparachichi nje ya ofisi ya kijiji, kazi zote zilisimama, na mimi nilimbeba mdogo wangu kwenye foleni kwa sababu mama alikuwa amejifungua. Baba yangu alikuwa katibu wa kijiji. Majibu hayakupelekwa mjini kwanza. Yalisomwa kwenye halmashauri ya kijiji: nyumba ya fulani, mtoto ameshuka, kwa nini? Mama anaumwa. Hana wa kumwachia. Baba kauza maharage yote. Halafu wanaulizana, tufanye nini, na kabla ya kutawanyika wamekubaliana jambo. Ndipo vikaja vituo vya kuwalisha watoto, kila kitongoji kikijipanga kivyake, akina mama wakipokezana zamu, unga unatoka shamba la kijiji.

Ndani ya miaka mitano watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka 6 hivi kwa kila 100 hadi chini ya 2. Huo ulikuwa uzito, urefu ulikuwa haupimwi kama sasa, nakubali. Lakini angalieni miaka yenyewe. 1983 mpaka 1988! Hakuna sukari, hakuna sabuni, vita vya Kagera vimetukausha, tunapanga foleni kwa ajili ya kaniki. Uchumi ulikuwa hoi, watoto wa Iringa wakanenepa. Mwaka 1990 UNICEF walipoandika mkakati wao wa lishe kwa dunia nzima, sehemu kubwa ya fikra waliichota kwenye vile vikao vya akina baba yangu. Leo uchumi unakua na watoto wa watoto wale wamedumaa.

Baadaye fedha za mradi zikaisha, mizani ikachakaa, kamati zikabaki majina, shamba la kijiji likagawanywa. Mdogo wangu yule niliyembeba ni dereva wa lori, anasafirisha viazi kwenda Dar.

Sielewi kwa nini mpaka leo lishe inafanywa kuwa ya wataalamu wa wilayani wanaokuja na semina na soda.

Tuje kwenye fedha. Desemba 2017 serikali na wakuu wa mikoa mliwekeana saini Mkataba wa Lishe, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa mwaka. Elfu moja. Kwa bei ya stendi yetu hayo ni mayai mawili. Halmashauri yenye watoto elfu thelathini inatakiwa kutoa milioni thelathini, fedha ambayo haikaribii bei ya shangingi moja. Na hata hayo mayai mawili hayafiki. Nilisimama kwenye mkutano wa hadhara nikauliza, nikajibiwa kwamba kifungu kipo ila fedha haijashuka. Nikauliza itashuka lini, nikaambiwa nisiwe na haraka, lishe ni mchakato. Aliyenijibu simtaji, ni mtu mzuri, alinipa lifti siku hiyo.

Upande wa pili, bajeti ya Kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Ruzuku ya mbolea tumeiona, magunia yameongezeka, nisingemsindikiza jirani yangu na kumi na manane kama si hiyo mbolea. Nawapongeza. Ila jueni kwamba mbolea hiyo iliongeza pia ekari za palizi, na palizi ni mgongo wa mama, na mama akiwa shambani siku nzima mtoto ananyweshwa na kaka wa miaka saba. Hakuna aliyekaa mezani akazihesabu hizo saa. Tulilia bei ya mahindi ilipoanguka baada ya zuio la kuuza nje la 2017, na mkatusikia, mkajifunza. Huyu wa sentimita 77 hana chama cha ushirika.

Ninachoomba hakihitaji mkopo wa nje.

Kwanza kabisa, mtoto apimwe urefu kila kliniki kama anavyopimwa uzito, na majibu yasomwe kijijini kila robo mwaka, siku ileile mnapotusomea mapato na matumizi. Mkuu wa wilaya anapotoa taarifa ya tani, atoe na ya sentimita. Kama anajua kituo gani kimekusanya mahindi mangapi, ajue na kitongoji gani kina watoto wangapi waliodumaa. Siku akiulizwa na Mheshimiwa Rais hadharani, kama anavyoulizwa mbolea, mtaona mizani na mbao zitakavyopatikana kwa wiki mbili.

La pili ndilo naliona kubwa kuliko yote, na ndilo nisilolisikia mkilisema. Rudisheni vituo vya kulelea na kulisha watoto mchana, angalau Desemba hadi Machi. Hatuombi majengo. Kijijini kwetu kuna kanisa lenye ukumbi unaokaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa, na kuna akina bibi ambao hawawezi tena kushika jembe lakini wanaweza kushika mwiko. Maharage tutachangia, unga wa dona tutachangia. Tunachokosa ni sufuria mbili kubwa, mafuta ya kula, dagaa, na posho ya wale bibi ili wasikimbie wiki ya tatu. Pigeni hesabu ya elfu moja ile ile kama ingeshuka: kijiji chenye watoto mia tatu kingepata laki tatu. Haitoshi, lakini sufuria zingepatikana. Iongezeni iwe elfu tano kwa mikoa hii minne na tutawaonyesha. Tena yule kaka wa miaka saba angerudi shuleni, na hiyo ni faida ambayo hata sikuihesabu mwanzo.

Mheshimiwa wa Kilimo, katika trilioni yako naomba kidogo tu: chanjo ya kideri na mbegu za maharage lishe. Mama haachi kuuza yai mpaka awe na uhakika kuku hawatakufa wote mwezi wa tisa. Mabwana shamba wakija waongee na mke pia, maana ndiye anayelima.

Na sisi wahudumu. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima. Tulifurahi. Baadhi yetu bado tunasubiri kuitwa, wengine tumeambiwa umri umepita au cheti cha kidato cha nne hakipo. Mimi niliishia la saba. Najua kila mlango wa vitongoji vinne na najua nani kauza maharage yote. Ajirini vijana wenye vyeti, sina kinyongo, ila watakapofika tafadhali mtu awaambie waanze kwa kutuuliza.

Julai 2025 mlizindua Dira ya 2050, mpango wa taifa wa maendeleo. Nimesomewa na mwanangu kwenye simu: uchumi wa dola trilioni moja, pato la mtu dola 7,000. Nikachukua daftari langu. Binti yule atakuwa na miaka 27. Ndiye mtakayemtarajia awe mhandisi, mwalimu, mwendesha mashine, mama wa watoto wengine. Yeye ndiyo hiyo trilioni. Na wenye elimu ya lishe wametufundisha kwamba kinachopotea kwenye siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, kwa sehemu kubwa hakirudi, si kwenye mifupa tu, na kwenye kichwa pia. Zake zimekwisha wiki ile niliyompima. Sikumwambia mama yake hivyo. Nilimwambia ampe yai, na mwezi ujao amlete tena.

Nilisema nitaeleza ubao nimeupataje. Ule wa zahanati uliazimwa miaka kadhaa iliyopita kwa ajili ya zoezi fulani la tarafa na haukurudi. Niliandika barua mbili. Mwishowe nilienda kwa fundi seremala na picha ya ubao kwenye simu, akanitengenezea wa mbao ya paina, tukabandika futi ya fundi cherehani kwa gundi ya maji, tukaulinganisha na ubao wa hospitali ya wilaya ukakubali bila kupishana hata nusu sentimita. Shilingi elfu ishirini na tano, za kwangu, za viazi. Tangu tuanze nimepima watoto 112. Majina ninayo, na tarehe, na sentimita. Mtendaji amekataa kuyabandika kwenye ubao wa matangazo kwa sababu hakuna maelekezo kutoka juu.

Maelekezo hayo ni nyinyi mnaoyatoa. Kliniki yetu ni Alhamisi ya pili ya kila mwezi, tunaanza saa mbili asubuhi. Ubao uko nyuma ya mlango wa chumba cha chanjo. Unahitaji watu wawili, mmoja wa kushika visigino na mwingine wa kusoma.

Wenu,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Mkoa wa Iringa, Agosti 2025